Shajara ya fidla: kuisafisha sauti inayokwaruza

Mfunguo mosi, baada ya Idi. Masika yameanza.

Lengo la mradi huu ni moja: kutoa sauti safi, nene na iliyotulia kwenye nyuzi zote nne, yaani G, D, A na E kutoka nene hadi nyembamba, kwa upinde mzima, ili niweze kukaa safu ya nyuma ya fidla kwenye mazoezi ya kikundi cha taarab cha mtaani kwetu hapa Unguja. Kwenye taarab yetu fidla hazipigi kila moja na lake. Zinakwenda pamoja kwenye sauti moja, na akodiani pamoja na vyombo vya nyuzi za kudonoa, udi na kanuni, vinaufuata wimbo huohuo kila kimoja kwa pambo lake. Ndivyo tulivyoyakuta kwa Ikhwani Safaa, kikundi cha tangu mwaka 1905, na kwa Culture Musical Club cha tangu 1958. Kwa mpango huo fidla moja inayokwaruza inawaharibia wenzake wote.

Mkono wa kushoto una afadhali, vidole vinajua pa kukanyaga. Kazi iko mkono wa kulia, wa upinde.

Wiki hii sirekebishi kitu. Nasikiliza tu na kuzitenganisha sauti mbaya, maana "inakwaruza" si kitu kimoja. Ipo ya kukwaruza kweli: nzito, kavu, uzi kama umekabwa. Ipo nyembamba, yenye hewa nyingi, noti yenyewe haiji mpaka upinde umeshafika kati. Ipo ya kutetema, upinde unarukaruka njiani hasa ukikaribia ncha. Na ipo mbinja, inayotoka kwenye uzi wa E peke yake, ghafla, juu kabisa kuliko noti uliyoikusudia.

Kila moja ina chanzo chake, na dawa ya hii inaizidisha ile. Naamini hapo ndipo wanafunzi wengi tunapopotea. Mtu akisikia mkwaruzo anapunguza uzito wa mkono. Ukiendelea anapunguza tena, mpaka fidla inanong'ona, naye anadhani amefika. Hajafika. Ametoka kwenye ubaya mmoja akaingia mwengine.

Wiki iliyofuata. Chombo kwanza.

Maalim wangu, mzee aliyeshika fidla tangu ujana wake, hakutaka kuniangalia mkono kabla ya kukiangalia chombo. "Ilete niione, mwanangu." Akailaza pajani, akaipitisha macho kwa upande, kisha akakwangua uzi wa A kwa ukucha, pale baina ya daraja, kijibao kinachozinyanyua nyuzi, na mwisho wa ubao wa vidole. Kilichobanduka ni gamba jeupe, unga wa muda mrefu uliogandamana wa rozini, utomvu mgumu unaopakwa kwenye upinde ili unate uzi.

Gamba hilo pekee linatosha kuharibu sauti. Upinde unapita juu ya rozini kuukuu iliyokuwa ngumu, haugusi uzi vizuri, na uzi wenyewe unakuwa mzito mahali pamoja kuliko pengine. Nimelitoa kwa kipande kikavu cha kanga kuukuu, nikiubana uzi kwa vidole viwili na kuvuta mbele na nyuma mpaka kitambaa kikaacha kutoka cheupe. Spiriti sikutumia. Tone moja likianguka kwenye mbao linakula vanishi. Sasa kipande hicho cha kanga kinakaa ndani ya kasha, na nyuzi zinafutwa kila baada ya kupiga, pamoja na mbao chini yake.

Uzi wa E ulikuwa na madoadoa meusi ya kutu. Huku kwetu hewa ya bahari haina huruma na chuma, na jasho la vidole linamalizia. Nimeubadilisha.

Daraja lilikuwa limeinama kuelekea ubao wa vidole. Hili linatokea kwa kila mtu, kwa sababu kila ukikaza vigingi nyuzi zinalivuta kichwa mbele kidogo kidogo. Ukiliacha linajipinda moja kwa moja, au siku moja linaanguka kwa kishindo. Maalim alilegeza nyuzi kiasi, bila ya kuziachia zote, akalishika kwa mikono miwili, dole gumba huku na vidole vya shahada huku, akalirudisha taratibu mpaka uso wake wa upande wa mkia ukasimama wima na miguu ikakaa sawasawa juu ya mbao. Nyuzi zote zisilegezwe kwa pamoja: kile kijiti kilichosimama ndani ya fidla, kati ya mbao ya juu na ya chini, hakikugundishwa kwa gundi. Kinashikiliwa na mgandamizo tu, na ukiuondoa kinaweza kuanguka.

Mwisho, upinde. Singa zake, kati ya 150 na 200 za mkia wa farasi, zilikuwa nyeupe urefu wote isipokuwa karibu na kitako, upande wa kushikia, ambako zilikuwa za kijivu na zinang'aa. Hayo ni mafuta ya vidole. Nyumba ya Kizanzibari ina mafuta ya nazi kila pembe, jikoni na kichwani, na singa yenye mafuta hainati hata ukiipaka rozini ya kutwa nzima. Nanawa kwa sabuni kabla ya kufungua kasha, na singa siziguswi tena kwa mkono.

Jambo la msimu: kwenye unyevu wa masika singa zinarefuka, kwa hiyo skrubu inataka kuzungushwa zaidi kuliko wakati wa kiangazi ili upinde ufike ukazo uleule. Kipimo changu ni nafasi ya unene wa penseli kati ya singa na ufito, yaani mti wa upinde, pale katikati. Ufito lazima ubaki umebonyea kwa ndani. Ukinyooka, umekaza mno, na hapo utetemeshaji wa upinde unaanza wenyewe. Nikimaliza kupiga nalegeza.

Siku chache baadaye. Rozini.

Rozini ni utomvu wa msonobari uliopikwa mpaka tapentaini ikatoka, ukabaki ugumu wa rangi ya asali. Ipo iliyokoza, ambayo kwa kawaida ni laini na inanata zaidi, na ipo ya rangi nyepesi iliyo ngumu na kavu. Yangu ilikuwa imekoza. Kwenye joto na unyevu wa mwezi huu, ukiibonyeza kwa dole gumba alama inabaki. Rozini laini namna hiyo inaganda kwenye uzi, na mwanzo wa kila noti unatoka na kelele ya kung'oka.

Nimemuagiza mtu aliyekuwa akirudi kutoka Dar aniletee nyepesi. Ilipofika uso wake ulikuwa unateleza kama kioo, haitoi unga. Nikaukwaruza kwa msasa laini mpaka ukafifia, hapo ikaanza kushika.

Kiasi ni jambo la sikio. Rozini ikiwa chache, upinde unateleza juu ya uzi na sauti haina mwili. Ikiwa nyingi, unga mweupe unaruka ukianza kupiga, na kila noti ina mchanga ndani yake. Kwa mtu anayepiga kila siku, mipito michache ya taratibu kutoka kitako hadi ncha inatosha. Singa mpya kabisa ndizo zinazotaka nyingi, kwa sababu singa isiyo na rozini haitoi sauti yoyote.

Baada ya hatua hizi kelele imepungua sana, hasa uzi wa D na A. Iliyobaki ni ya mkono.

Mfunguo pili. Mvua kubwa, tunapiga ndani.

Nilitaka kujua hasa kinachotokea upinde unapougusa uzi, kwa sababu mazoezi usiyoyajua sababu yake yanachosha haraka.

Singa yenye rozini inaunata uzi na kuuvuta kando. Uzi unavutika mpaka nguvu yake ya kurudi inazidi mnato, unachomoka, unarudi, unanaswa upya. Ni kunata na kuachia kulekule kunakoufanya mlango mzito wa Mji Mkongwe ulie kwenye bawaba, isipokuwa kwenye fidla kunakwenda kwa mpango. Uzi wa A, bila ya kidole, unanaswa na kuachiwa mara 440 kila sekunde. Wa G, mara 196.

Hermann von Helmholtz wa Ujerumani ndiye aliyeonyesha, katika karne ya 19, kwamba uzi unaopigwa kwa upinde haupindi kwa ulaini kama jicho linavyoudhania. Una kona moja kali inayokimbia kutoka daraja hadi upande wa pili na kurudi, na kila ikipita kwenye upinde ndiyo inayouchomoa uzi. Ikiuchomoa kwa wakati wake, noti inatoka safi. Upinde ukilemea mno, unaukatalia uzi kutoka hata kona ilipofika: huo ndio mkwaruzo. Ukiwa mwepesi mno, uzi unateleza kabla ya zamu yake, mara mbili badala ya moja: hiyo ndiyo ile sauti nyembamba ya hewa.

Kwa hiyo uzito una mpaka wa chini na mpaka wa juu. Mmarekani John Schelleng aliieleza mipaka hiyo kwa hesabu mwaka 1973. Ukisogea karibu na daraja uzito unaotakiwa unapanda, na nafasi kati ya mipaka miwili inakuwa nyembamba, huna ruhusa ya kutikisika. Ukisogea upande wa ubao wa vidole nafasi ni pana, lakini upinde unataka wepesi na mwendo. Na ukiongeza kasi, mpaka wa juu nao unapanda: uzito uleule uliokuwa unakwaruza kwa mwendo wa polepole unaimba ukiuendesha upinde haraka zaidi.

Sentensi hiyo ya mwisho imebadilisha mazoezi yangu yote. Mkwaruzo haumaanishi lazima kwamba mkono ni mzito. Mara nyingi upinde umechelewa.

Zoezi: uzi wa D, upinde katikati ya njia baina ya daraja na ubao. Naulaza, nauzamisha mpaka uzi ukabwe, kisha nauvuta polepole kiasi cha kusaga. Inatoka kelele mbaya, ya makusudi. Bila ya kupunguza uzito hata kidogo naongeza kasi, taratibu, mpaka kelele inafunguka na noti inajitokeza ndani yake. Narudia nikianzia upande wa pili: upinde mwepesi wa haraka, sauti ya hewa, kisha naongeza uzito mpaka noti inajaa mwili. Sikio linajifunza mipaka yote miwili ilipo, na mkono unaacha kuogopa.

Baadaye metronomu, kifaa cha kuhesabia mapigo, kwenye 60 kwa dakika, upinde mzima kwa mapigo manne, halafu sita, halafu nane. Kwenye nane, ukisogea upande wa ubao wa vidole noti inakauka. Ukisogea nusu kidole kuelekea daraja inasimama.

Mfunguo pili, mwishoni. Kioo.

Nimesimama mbele ya kioo cha kabati la nguo, fidla imekielekea kwa upande, naangalia kitu kimoja tu: upinde na daraja vinakwenda sambamba au havikwendi.

Kutoka kitako mpaka kati vinakwenda. Kuanzia kati mkono unazunguka nyuma ya mwili, ncha inaelekea mbele, upinde unateleza kupanda ubao wa vidole. Upinde uliokwenda mshazari hauusukumi uzi kando peke yake, unausugua kwa urefu wake pia, na huko ndiko kunakotoka kile kimlio kikali cha juu kisicho noti. Hakiponi kwa uzito wala kwa rozini. Kinapona kwa kiwiko.

Nusu ya kwanza ya kushusha upinde inatoka begani. Nusu ya pili bega linatulia, kiwiko kinafunguka, na kiganja kinakwenda mbele, mbali na mwili, hata kama mwanzoni mtu anahisi anausukuma upinde kwenda kando. Kwenye kioo ndipo unapoona kwamba kumbe ndiyo imenyooka. Mwenye mkono mfupi asilazimishe kufika ncha. Upinde una karibu sentimita 75, na hakuna wimbo unaokudai zote.

Mfunguo tatu. Mvua zimekatika, kusi linavuma.

Leo ilikuwa darasa la dole gumba.

Nilikuwa nikipiga uzi wa G, upinde mrefu, na sauti ikawa na ukavu fulani kila nikirudi kitako. Maalim hakusema kitu. Alinyoosha kidole chake, akakiingiza kati ya dole gumba langu na ufito, akajaribu kukisogeza. Hakikusogea.

"Unamkaba nani?"

"Naogopa utanianguka, Maalim."

"Hauanguki. Umelala juu ya uzi, uzi umeubeba. Wewe uongoze tu."

Akanitaka nipige huku kidole chake kikiwa palepale. Dole gumba likinyooka na kukaza, anakibinya. Likipinda kidogo na kulegea, anakiacha. Tulikwenda hivyo mpaka uzi wa G ukabadilika, sauti ikashuka chini, ikapana, na nikauhisi mtetemo wake kwenye mfupa wa shingo.

Sababu yake inaeleweka. Upinde mzima una gramu 60 tu, zaidi au pungufu, na uzito wake umeelemea kitakoni. Kwa hiyo karibu na kitako mkono unatakiwa kupunguza, na kidole kidogo kilichopinda juu ya ufito ndicho kinachopokea uzito huo. Kuelekea ncha unatakiwa kuongeza, na kidole cha shahada ndicho kinachoegemea. Kubadilishana huko hakuwezekani kama dole gumba limekaza, maana vyote viwili vinazunguka juu yake. Mkono uliobana unatoa uzito uleule pote: mwingi mno kitakoni, kwa hiyo mkwaruzo, na mdogo mno nchani, kwa hiyo hewa na kutetema. Sauti mbili mbaya, chanzo kimoja.

Sasa kila kipindi kinaanza hivi: kidole kidogo nakinyanyua na kukirudisha mara kadhaa huku upinde umelala kwenye uzi, halafu nalipinda na kulinyoosha dole gumba. Sianzi kupiga mpaka vyote vimelegea.

Siku iliyofuata.

Uzi mtupu tu, polepole, kutoka G hadi E na kurudi. Hakuna jipya. Inashikilia.

Mfunguo tatu, baada ya Idi Kubwa. Mbinja ya uzi wa E.

Hii niliiacha makusudi mpaka mwisho, kwa sababu ni tabia ya uzi wenyewe kuliko ya mpigaji. Uzi wa E ni mwembamba, mara nyingi ni chuma kitupu kisichozungushiwa waya. Badala ya kuyumba kando, unaweza kujizungusha wenyewe kwa wenyewe, na mzunguko huo ndio unaopiga mbinja. Inatokea zaidi unapotoka uzi wa A kuja E mtupu.

Nimeyaona mambo matatu yakisaidia. La kwanza ni kuangalia kidole cha mkono wa kushoto kilichobaki kwenye A, maana kikiugusa E kwa ubavu hata kidogo tu, mbinja imeshatoka. La pili, kuwasili kwenye E kwa utulivu: upinde uguse uzi kabla ya kukimbia, si kuurukia kwa kasi. Na la tatu, kusogea kidogo mbali na daraja wakati wa kuvuka, kisha kurudi. Inapokuwa lazima noti hiyo isikike safi bila shaka yoyote, napiga E kwa kidole cha nne kwenye uzi wa A. Ni noti ileile, na haipigi mbinja. Zipo pia nyuzi za E zilizozungushiwa waya kwa ajili ya tatizo hili, na zikipatikana nitaujaribu mmoja.

Mfunguo nne. Kipupwe.

Nimejirekodi kwa simu, mara moja simu ikiwa juu ya meza karibu yangu, mara nyengine ikiwa ukumbini mlango uko wazi. Tofauti ni kubwa. Fidla iko chini ya sikio la kushoto, na kila mchanga wa singa unasikika hapo. Hatua chache mbele mchanga huo unapotea, kinachobaki ni noti.

Nikamuomba wifi yangu akae ukumbini. Nimempigia ubeti uleule kwa namna mbili: kwanza kwa wepesi, sauti laini masikioni mwangu, kisha kwa uzito kamili karibu na daraja, ambao kwangu ulikuwa na ukali kidogo. Akaniitia: "Wifi, ya pili ndiyo yenyewe! Ile ya mwanzo haikufika huku."

Kwa hiyo nimeacha kuufuata usafi wa chini ya sikio. Namsikiliza Mohamed Issa Matona, mwanamuziki wa Zanzibar, akipiga fidla, na sauti yake ina kingo. Unausikia upinde ukiushika uzi kabla ya noti kuteleza kwenda kwenye pambo. Kuushika uzi namna hiyo ni sehemu ya uzuri wa taarab, ndiko kunakoifanya fidla iitikiane na mwimbaji badala ya kuelea nyuma yake. Ninachokikataa ni kelele isiyotarajiwa. Ukali niliouchagua mwenyewe nauacha.

Kazi inayofuata: kuvuka nyuzi bila ya upinde kusimama, kwanza D na A, mbele ya kioo, halafu sehemu ya mwanzo ya bashrafu, muziki wa vyombo vitupu bila ya kuimba, ambayo kikundi kinaanzia nayo. Metronomu 60 mpaka vivuko vyote vitoke bila kelele, kisha nitapandisha. Singa za upinde zimeanza kukatika upande mmoja, zimebaki chache ukingoni, kwa hiyo nitaagiza zibadilishwe kabla ya vuli.